UKIBADILI GARI LAKO, IAMBIE KAMPUNI YA BIMA

Shauri kwa wakulima wa Kitui na Makueni wenye pikapu, lori, trekta na pikipiki

Wazee waliohamia skimu ya Makueni katika miaka ya 1940, baada ya vichaka vyenye mbung'o kufyekwa, walipeleka mazao yao sokoni kwa punda na kwa miguu. Leo mambo ni mengine. Mkulima wa Masongaleni, wa Kathonzweni au wa Kwa Vonza akipata mavuno mema ya ndengu, au miembe yake ikizaa vizuri, jambo analolifikiria upesi ni kununua pikapu. Si vibaya hata kidogo. Mwenye gari lake mwenyewe hangoji bei ya mchuuzi langoni mwa shamba; aweza kwenda Wote, Emali, Kalamba kwenye kiwanda cha matunda, au hata Nairobi.

Lakini gari likifika nyumbani halikai kama lilivyotoka dukani. Baada ya wiki mbili tatu lapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Huyu aongeza vyuma vya pembeni ili mbuzi wasiruke. Yule aongeza majani ya springi ili libebe magunia zaidi. Mwingine aweka tangi la maji, kwa maana wakati wa kiangazi maji ni biashara. Mwingine atia benchi mbili nyuma na turubai juu ili kuchukua watu siku ya soko.

Sasa twakuuliza, ndugu mkulima: ulipofanya hayo, uliiambia kampuni ya bima? Wengi hujibu, "Bima nimelipa, cheti ninacho, yanini kuwaambia habari za vyuma vyangu?" Makala haya yataka kukuonyesha kwa nini jibu hilo laweza kukupotezea gari, na pengine hata shamba.

BIMA NI MAPATANO

Bima si kodi. Ni mapatano kati ya watu wawili. Wewe walipa ada kila mwaka, nayo kampuni yaahidi kubeba hasara fulani ikitokea. Kampuni hupima hatari kwanza, ndipo ikataja bei. Kwa hiyo ulipojaza fomu ya kuomba bima uliulizwa: gari ni la aina gani? Bodi yake ni ipi? Lina thamani gani? Latumika kwa kazi gani? Je, limebadilishwa kwa namna yoyote?

Majibu yako ndiyo msingi wa mapatano. Meneja wa kampuni akaaye Nairobi hajaliona gari lako likipanda milima ya Mbooni na gunia kumi na tano nyuma. Yeye ajua yale uliyoandika tu. Ndiyo maana sheria ya bima yataka uaminifu mkubwa kuliko mapatano ya kuuziana ng'ombe.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka wa 1766 jaji mkuu wa Uingereza, Lord Mansfield, aliamua kesi ya Carter na Boehm. Bwana Carter alikuwa gavana wa ngome moja huko Sumatra, naye alikata bima mjini London dhidi ya ngome hiyo kutekwa na adui. Wafaransa wakaiteka mwaka wa 1760. Kampuni za namna ya leo hazikuhusika. Aliyebeba bima alikuwa mfanyabiashara Boehm, naye alikataa kulipa akidai kwamba amefichwa mambo. Jaji alieleza kwamba mwenye kuombea bima ndiye ajuaye habari za kitu chake, basi haimpasi kuzificha. Lakini alisema vilevile kwamba mbeba bima hawezi kulalamika juu ya jambo alilokwisha kulijua, au ambalo kila mtu wa kazi hiyo apaswa kulijua. Boehm alishindwa. Kanuni hiyo ina makali pande mbili: ukificha, waumia wewe, ukisema, nayo kampuni ikapokea fedha zako hali yajua, haiwezi baadaye kujifanya haikujua.

JAMBO LIPI NI LA KUTANGAZWA?

Jambo la kutangazwa ni lile ambalo lingeweza kumfanya mwenye bima mwenye busara akubali au akatae, au abadili bei. Soma orodha hii ukilitazama gari lako.

1. Springi zilizoongezwa. Watu wengi hudhani kwamba majani mawili zaidi hulifanya gari la tani moja kuwa la tani mbili. Si kweli. Springi huzuia gari lisiiname tu. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, chasi ni ile ile, nao uzito ulioandikwa katika hati za gari haukubadilika. Gari lenye mzigo mkubwa kuliko kipimo chake huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama.

2. Vyuma vya juu na keria. Mzigo ukipanda juu, kiini cha uzito nacho hupanda, na gari hulala upesi kwenye kona.

3. Tangi la maji. Fanya hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Madumu 50 ya lita 20 ni tani nzima, kabla hujahesabu tangi lenyewe, dereva na utingo. Tena tangi lililojaa nusu ni baya zaidi barabarani, kwa sababu maji huenda huku na huku na kulisukuma gari wakati wa breki na kona.

4. Viti au benchi nyuma. Hapa umebadili kazi ya gari. Tutarudi kwa jambo hili.

5. Injini nyingine. Wako watu watoao injini ya petroli na kutia ya dizeli. Namba ya injini yabadilika, nazo hati hazilingani tena na gari.

6. Magurudumu makubwa, gari kuinuliwa, na vyuma vizito vya mbele. Chuma cha mbele huweza kumwumiza zaidi mtu anayegongwa.

7. Trela. Chuma cha kuvutia trela ni badiliko, na trela yenyewe ni kitu cha peke yake chenye namba yake. Usidhani kwamba bima ya trekta yafunika trela bila kuuliza.

8. Pikipiki iliyoongezwa keria kubwa ya mbao, au iliyofanywa kuwa ya magurudumu matatu.

9. Rangi mpya. Haiongezi hatari, lakini gari jekundu lenye hati za gari jeupe litaleta maswali siku ya ajali.

Matengenezo ya kawaida hayana haja ya barua. Ukiweka tairi mpya za kipimo kile kile, betri mpya, au kioo kingine badala ya kilichopasuka, hukubadili kitu. Ukiwa na shaka, uliza. Kuuliza ni bure.

KUBADILI KAZI NI KUBAYA KULIKO KUBADILI CHUMA

Hati ya bima hutaja kazi ya gari: la binafsi, la kubeba mizigo yako mwenyewe, la kubeba mizigo ya watu kwa malipo, au la abiria. Hizo si kazi moja, na bei zake si moja.

Tuseme mkulima fulani amekata bima ya pikapu kwa kubeba maembe yake mwenyewe. Msimu ukiisha, gari lalala bure. Jirani amwomba ambebee matofali kwa shilingi elfu mbili. Kesho yake mwingine ataka mchanga. Jumamosi akina mama kumi wataka kupelekwa sokoni, kila mmoja kwa nauli. Hakuna hata msumari mmoja ulioongezwa katika gari hilo, lakini mbele ya kampuni ya bima ni gari jingine kabisa.

Nchi yetu yaijua vema habari hii. Matatu za mwanzo zilikuwa pikapu na magari ya kawaida yaliyotiwa benchi na mapaa na mafundi wa mitaani. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zifanye kazi bila leseni za usafiri zilizotakiwa wakati ule, nazo zikaongezeka sana. Miaka 30 baadaye, ajali zilipozidi, Waziri John Michuki alitoa kanuni za mwaka wa 2003, zilizoanza kushikwa Februari 2004, za mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Siku hizi bodi ya gari la abiria haijengwi kwa kukisia. Iko kawaida ya KEBS, KS 372, inayoeleza namna ya kuijenga. Basi benchi mbili za mbao zilizofungwa kwa boliti nyuma ya pikapu haziligeuzi kuwa gari la abiria, wala kwa sheria wala kwa bima.

AJALI IKITOKEA, NINI HUFUATA?

Kuna bima za namna mbili. Bima ya mtu wa tatu ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405. Hiyo hulipa watu wengine uliowaumiza. Bima kamili huongeza hasara ya gari lako mwenyewe.

Kwa habari ya gari lako mwenyewe, hatari ni wazi. Kampuni hutuma mkaguzi. Mkaguzi akiona springi za kuchomelea, bodi isiyo katika hati, na alama za benchi, ataandika. Kampuni yaweza kukataa kulipa, na yaweza kudai kwamba mapatano yote hayakuwa na nguvu.

Hata isipokataa, waweza kupata pungufu. Tuseme gari liliandikwa thamani ya shilingi 800,000. Ukaongeza bodi ya shilingi 200,000 bila kusema, na sasa ni la shilingi 1,000,000. Ajali imeharibu vitu vya shilingi 300,000. Ikiwa hati yako ina sharti la kulipa kwa uwiano, kampuni itasema: umelipia sehemu nne kati ya tano, basi twalipa sehemu nne kati ya tano, yaani shilingi 240,000. Nazo hutolewa zile za kwanza ambazo wewe mwenyewe hubeba kwa kila ajali.

Kwa habari ya watu wengine, sheria imewalinda kiasi. Kampuni haiwezi kumkatalia aliyeumizwa kwa sababu tu ya sharti lihusulo hali ya gari, idadi ya watu waliobebwa au uzito wa mzigo. Yapasa imlipe. Lakini soma na upande wa pili: kampuni ikimlipa kwa njia hiyo, yaruhusiwa kukudai wewe fedha hizo. Tena kampuni yaweza kwenda mahakamani, kabla ya kesi ya majeruhi au katika miezi mitatu tangu kesi ifunguliwe, na kuomba itamkwe kwamba bima ilipatikana kwa kuficha jambo la maana. Ikishinda, haina wajibu wa kulipa hukumu ile.

Hapo ndipo aliyeumizwa atakapokutazama wewe. Naye ni nani? Mara nyingi ni mtu wa kwenu: mtoto wa shule aliyekuwa akivuka barabara pale Kibwezi, au mama wa Mutomo aliyekuwa na kunde zake kando ya njia. Amevunjika miguu, ana haki ya kulipwa. Mahakama ikitoa hukumu, mali iliyo kwa jina lako yaweza kukamatwa na kuuzwa ili alipwe, nalo shamba ni mali. Kumbuka wazazi wako walingoja miaka mingapi kabla ya kuipata hati ya shamba hilo. Ni jambo la huzuni kulipoteza kwa ajili ya majani mawili ya springi.

Jua pia kwamba hata bima iliyo safi ina mwisho wake. Sheria hailazimishi bima ya mtu wa tatu ipite shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi, nayo hati yako haina kiasi kikubwa kuliko hicho, salio ni lako.

FANYA HIVI

Kwanza, andika barua kabla ya kwenda kwa fundi. Usingoje kazi iishe. Kampuni yaweza kukubali kwa bei ile ile, kukubali kwa ada zaidi, au kukataa. Ikikataa, heri uyajue hayo ukiwa bado na fedha mfukoni.

Pili, uliza NTSA. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka habari za gari zilizoandikishwa zilingane na gari lenyewe. Ukibadili bodi, injini au rangi, maombi hufanywa kwa NTSA kupitia eCitizen, na gari laweza kuhitaji kukaguliwa. Kama huna ujuzi wa kompyuta, kituo cha Huduma kitakusaidia.

Tatu, tumia fundi anayejulikana, mwenye kutoa risiti. Piga picha za gari kabla ya kazi na baada yake.

Nne, ngoja jibu la maandishi. Kampuni ikikubali hutoa hati ya nyongeza, ambayo hushikamana na hati yako ya bima. Neno la ajenti kwa simu, "Hakuna shida, mzee," si hati. Ajenti aweza kuhama kazi, karatasi haihami.

Tano, ukifika wakati wa kulipa tena bima ya mwaka, usiseme tu "kama mwaka jana." Kila mwaka ni mapatano mapya. Zunguka gari lako, litazame kama mgeni, uandike kila lililobadilika.

Barua haina haja ya maneno makubwa. Mfano ni huu:

"Kwa Meneja, Idara ya Bima za Magari. Bwana au Bibi, mimi ni mwenye gari namba …, bima namba … Nataka kuongeza bodi ya vyuma ya urefu wa futi … na tangi la maji la lita … Kazi itafanywa na fundi … mjini …, kwa gharama ya shilingi … Gari litatumika kubeba … Tafadhali nijulishe kwa maandishi kama mwakubali, na kama ada yabadilika. Sitalitumia gari likiwa na mabadiliko hayo mpaka nipate jibu lenu. Wako mwaminifu, …"

Weka nakala. Ukiipeleka kwa mkono, omba igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukiituma kwa barua pepe, usiifute.

MASWALI YANAYOULIZWA

Gari nilinunua likiwa tayari limebadilishwa. Je, nami natakiwa kusema? Ndiyo. Kampuni haiulizi nani alichomelea. Yauliza gari likoje. Tena usidhani kwamba bima ya aliyekuuzia imekuja pamoja na funguo. Kata yako mwenyewe.

Gari ni langu, lakini kijana wangu ndiye alilipeleka kwa fundi. Hati ya bima ikiwa kwa jina lako, wajibu ni wako. Yafaa wenye nyumba wapatane: hakuna chuma kuongezwa bila mwenye hati kujua. Kama gari lina mkopo wa sacco au benki, nao waambiwe.

Nilibadili gari miaka miwili iliyopita, wala sikusema. Nifanye nini? Andika leo. Pengine utaongezwa ada. Pengine utaambiwa uondoe kitu. Yote mawili ni mepesi kuliko kukataliwa baada ya ajali. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humfichua.

Nikisema, je, si wataniongezea bei tu? Pengine. Lakini pima: nyongeza ya ada waijua kabla, waweza kuigawa katika nauli za maembe ya msimu mmoja. Hukumu ya mahakama huijui, wala huwezi kuigawa. Tena kuna mabadiliko ambayo huenda yasiongeze ada, kama kifaa cha kulitafuta gari likiibwa.

Niliwaambia kwa maandishi, lakini sasa wakataa kulipa. Chukua nakala zako upeleke malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza. Usiporidhika, peleka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo kazi yake ni kuzisimamia kampuni hizi. Mwenye nakala husikilizwa upesi kuliko mwenye maneno matupu.

KABLA YA MSIMU

Maembe huanza kuiva mwishoni mwa mwaka, na wakati huo kila gari hutafutwa. Mafundi wa Wote, Kitui na Mwingi huwa na kazi nyingi, na mkulima mwenye haraka husema, "Weka tu, tutaandika baadaye." Baadaye hiyo haiji. Basi, wakati shamba bado lina kazi ndogo, toa hati ya bima sandukuni uisome. Tazama kazi ya gari iliyoandikwa, bodi iliyoandikwa, na thamani iliyoandikwa. Kisha toka nje ulitazame gari. Kama hati na gari havifanani, chukua kalamu.